HATI KWANZA, MZIGO BAADAYE
Somo kwa vyama vya msingi: jinsi ya kuiuzia Serikali bidhaa na huduma

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi, wale wa uwanda wa juu wa Ufipa na wale wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Lafaa lisomwe kwa sauti katika mkutano, sehemu moja baada ya nyingine, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya mkutano kufungwa.

1. Mfano wa kuanzia

Ichukuliwe kwamba kipo chama cha ushirika cha wavuvi katika mwambao wa Kipili. Siku moja mkuu wa shule ya bweni ya Serikali ampigia simu katibu wa chama. Mitihani imekaribia, kitoweo kimekwisha, chama kilete dagaa wakavu kilo 300 mara moja, na malipo yatafuata. Katibu ni mtu mwema, na watoto wa wanachama wanasoma katika shule hiyo hiyo. Dagaa wanapimwa, wanapakiwa, na jioni ile ile wanafika shuleni. Mpishi anawapokea na kushukuru. Hakuna karatasi iliyoandikwa isipokuwa hesabu ya magunia katika daftari la dereva.

Miezi miwili baadaye mkuu yule anapewa uhamisho. Aliyeshika nafasi yake anafungua majalada na hakuti oda, hakuti hati ya kupokelea mali, wala hakuti kasma iliyotengwa kwa dagaa katika robo ile ya mwaka. Hakatai kwamba dagaa waliletwa na kuliwa. Asema tu kwamba hana waraka wa kumruhusu kulipa. Katibu anapanda na kushuka kwa nauli ya chama. Wavuvi waliotoa dagaa wao kwa kuaminiana wanaanza kunung'unika. Katika mkutano mkuu mzee mmoja anasimama na kusema, "Katibu, mwanangu, hakuna anayekuita mwizi. Lakini tuonyeshe karatasi."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna katibu mzoefu atakayeuona mgeni. Katika mfano huu hakuna mwizi, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo mali ya wanachama imetoka, na fedha haikurudi. Madhumuni ya somo hili ni kueleza kwa nini yakatokea hayo, na chama kifanye nini yasitokee.

2. Kwa nini Serikali hununua kwa masharti mengi

Mwenye duka la Kirando akitaka dagaa hutoa fedha yake mwenyewe. Akinunua ghali, hasara ni yake. Akimpendelea shemeji yake, hakuna wa kumwuliza. Mtumishi wa Serikali hayumo katika hali hiyo. Fedha anayonunulia si yake, bali ni ya wananchi, nayo imeidhinishwa na Bunge au na Baraza la Madiwani kwa kazi iliyotajwa. Mtumishi huyo ni mdhamini tu, na mdhamini hapana budi aweze kuonyesha kila shilingi ilikwenda wapi, kwa bei gani, na kwa nini ilikwenda kwa muuzaji huyu badala ya yule.

Kutokana na jambo hilo linazaliwa jingine, ambalo ndilo kiini cha somo hili. Mamlaka ya mtumishi yana mpaka. Akiwa ndani ya mpaka huo, tendo lake ni tendo la Serikali. Akiutoka, neno lake ni neno lake mwenyewe, hata kama alilisema ofisini, chini ya bendera, kwa nia njema. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa shule haikuifunga shule, kwa kuwa sheria haikumpa mkuu uwezo wa kuifunga kwa simu. Hati ya kuagizia bidhaa, ambayo maofisini hujulikana kwa jina la LPO, ndiyo inayoonyesha kwamba fedha ipo, kwamba ununuzi umeidhinishwa, na kwamba aliyeagiza alikuwa na uwezo wa kuagiza.

Vyama vya Rukwa vina sababu ya kihistoria ya kujifunza jambo hili kwa bidii. Mkoa ulipoundwa mwaka 1974, mahindi ya Ufipa yalikuwa yakinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1968, kwa bei iliyotangazwa na Serikali. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka hiyo mkulima alipima mahindi, akapokea stakabadhi na kungoja. Hakulazimika kushindana na mtu. Tangu biashara ya nafaka ilipofunguliwa, hali imekuwa nyingine. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi Sumbawanga kwa bei ya kutangazwa, lakini shule, hospitali, magereza na halmashauri hununua chakula, mbao, usafiri na huduma nyingine kwa ushindani. Chama kinachotaka soko hilo hakina budi kuyajua masharti yake.

3. Sheria na vyombo vyake

Tanzania imekuwa na sheria nne za ununuzi wa umma katika karne hii: Sheria Na. 3 ya mwaka 2001, Na. 21 ya mwaka 2004, Na. 7 ya mwaka 2011, na Na. 10 ya mwaka 2023, ambayo ilifuatwa na Kanuni zake za mwaka 2024. Kila moja ilibadili taratibu, lakini misingi haikubadilika: usawa kwa wazabuni, ushindani, uwazi, thamani halisi ya fedha, na uwajibikaji.

Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, husimamia utekelezaji wa sheria. Ipo pia Mamlaka ya Rufani ambayo husikiliza mashauri ya wazabuni wasioridhika. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua vitabu vya wanunuzi wa umma, kama vile COASCO inavyokagua vitabu vya vyama vya ushirika.

Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali zimehamishiwa katika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Chama kisichojisajili humo hakiwezi kuona tangazo kwa wakati wala kupeleka zabuni. Yapasa bodi iteue kwa azimio mtu mmoja wa kutunza akaunti ya chama katika mfumo huo, na mwingine wa kumkagua. Neno la siri la akaunti ni sawa na muhuri wa chama: halifai kuachwa kwa kijana wa duka la kompyuta mjini, hata awe mwaminifu namna gani.

Sheria aidha imeagiza kwamba wanunuzi wa umma watenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Chama chenye wanachama wa namna hiyo chaweza kuwaelekeza waunde vikundi na kuvisajili kama sheria inavyotaka.

4. Mgawanyo wa kazi ndani ya ofisi ya mnunuzi

Wanachama wengi hudhani kwamba mkurugenzi au mkuu wa taasisi ndiye anayetoa zabuni peke yake. Sivyo. Sheria imegawanya kazi makusudi, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kuomba, kuchagua, kupokea na kulipa.

Idara yenye haja hueleza inachohitaji. Kitengo cha usimamizi wa ununuzi huandaa nyaraka na kutangaza. Kamati ya tathmini hulinganisha zabuni zilizoletwa kwa vigezo vilivyotangazwa, wala si kwa vigezo vingine. Bodi ya zabuni huidhinisha. Afisa masuuli, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa taasisi, husaini na kujibu kwa yote. Mali ikifika, kamati ya ukaguzi na mapokezi huikagua.

Katika vijiji mgawanyo huu umeonekana wazi kwenye ujenzi wa madarasa na zahanati kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo taasisi hununua vifaa yenyewe na kutumia mafundi wa mahali. Huundwa kamati ya ununuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi, na mtu wa kamati moja haingii katika nyingine. Mwanakijiji anayelalamika kwamba kamati ni nyingi na afikirie hasara ya mtu mmoja kuagiza saruji, kuipokea usiku, na kujiandikia malipo asubuhi.

Kwa katibu wa chama, faida ya kuujua mgawanyo huu ni kujua nani amwulize nini. Swali la vipimo, malipo au ufafanuzi wa zabuni lina mlango wake, nalo huulizwa kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Jibu litolewalo kwa mzabuni mmoja hupaswa kufikishwa kwa wote, ili asiwepo mwenye kujua zaidi ya wenzake.

5. Kusoma vipimo

Zabuni nyingi za vyama hupotea kabla bei haijatazamwa, kwa sababu katibu alisoma ukurasa wa kwanza na kuacha iliyobaki. Mnunuzi akiandika kwamba ataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, hakusema "mahindi makavu". Ukavu wa kuuma punje kwa jino haumo katika mkataba. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 15 yatarudishwa getini, na gharama ya lori la kwenda na kurudi itabaki kwa chama.

Vivyo hivyo kipimo cha mkataba ni kilo. Debe na gunia ni vyombo tu, na ujazo wake hutofautiana. Gunia la lumbesa, mbali na kukatazwa na sheria ya vipimo, humdhulumu mwanachama wakati wa kukusanya na humtatiza katibu wakati wa kukabidhi. Mzani wa chama ukaguliwe na Wakala wa Vipimo, na cheti kiwekwe kwenye jalada la zabuni.

Mahali pa kukabidhi pasomwe kwa makini kuliko yote. Zabuni inayosema mali ikabidhiwe Sumbawanga mjini si sawa na ile inayosema ikabidhiwe Kipili, kwa maana kati ya miji hiyo miwili ipo barabara ya zaidi ya kilomita 100, pamoja na mteremko wa kutoka uwanda wa juu hadi ziwani.

6. Kupanga bei

Chama cha ushirika hakipaswi kushinda zabuni kwa hasara. Ufuatao ni mfano wa hesabu tu, na bei zake si za soko la leo. Chama cha wakulima cha uwandani kinataka kuiuzia shule ya mwambaoni mahindi kilo 20,000.

Malipo kwa wakulima, kilo 20,000 kwa Sh. 600: Sh. 12,000,000.
Mifuko 200 kwa Sh. 1,500: Sh. 300,000.
Kukausha, kupima, kupakia na kupakua, Sh. 20 kwa kilo: Sh. 400,000.
Lori hadi mwambaoni, Sh. 70 kwa kilo: Sh. 1,400,000.
Upungufu wa uzito, asilimia 1 ya bei ya mahindi: Sh. 120,000.
Riba ya mkopo wa Sh. 12,000,000 kwa miezi 3, asilimia 1.5 kwa mwezi: Sh. 540,000.
Jumla: Sh. 14,760,000, yaani Sh. 738 kwa kilo.

Hapo chama bado hakijapata ushuru wake. Ukiongezwa ushuru wa Sh. 20 kwa kilo, jumla yawa Sh. 15,160,000, yaani Sh. 758 kwa kilo. Katibu aliyesikia kwamba mfanyabiashara fulani ataandika Sh. 700, naye akaandika hiyo hiyo ili ashinde, ameahidi mahindi kwa Sh. 14,000,000. Amekipa chama hasara ya Sh. 760,000 siku ya kusaini, hata kabla lori halijawashwa.

Wanachama waangalie hasa mstari wa riba. Serikali hulipa baada ya kupokea na kukagua, si kabla. Wakulima hawawezi kungoja miezi mitatu, kwa hiyo chama hukopa ili kuwalipa. Muda wa kungoja ni gharama kama vile mafuta ya lori, na asiyeuandika atauona baadaye. Mkopo wenyewe hauna budi kuwa ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na mkutano mkuu na Mrajis. Aidha mnunuzi wa Serikali huzuia sehemu ya malipo kuwa kodi. Katibu aulize ofisi ya TRA kiwango kinachokihusu chama chake kabla ya kuandika bei, na malipo yakishafanyika adai cheti cha kodi iliyozuiwa.

7. Mkataba na ratiba

Tangazo la zabuni si mkataba. Kushinda kwa midomo ya watu si mkataba. Hata taarifa ya kusudio la kutoa zabuni si mkataba, kwa kuwa hutolewa ili wazabuni wengine wapate nafasi ya kulalamika. Chama kisinunue hata mfuko mmoja kwa kutegemea taarifa hiyo. Wajibu huanza pale ambapo barua ya kukubaliwa imetoka na mkataba umesainiwa na wenye uwezo wa kusaini, au oda halali imetolewa.

Kwa upande wa chama, waliopewa uwezo wa kusaini watajwe katika azimio la bodi. Chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria: chaweza kudai na kudaiwa kwa jina lake. Saini ya katibu peke yake, pasipo azimio, yaweza kumletea katibu deni ambalo wanachama watalikana.

Mkataba una tarehe, na tarehe zina adhabu. Mikataba mingi huweka fidia ya kuchelewa, inayokatwa kila siku au kila wiki hadi kiwango fulani. Ni kweli kwamba mikataba huwa pia na kifungu cha matukio yasiyozuilika, lakini kifungu hicho hakimwokoi asiyetazama mbele. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Chama cha wavuvi kinachoahidi dagaa kila mwezi wa mwaka, bila kuuliza kama ziwa litapumzishwa, hakiwezi kusema baadaye kwamba kilishtukizwa na jambo lililotangazwa mapema. Ratiba iandikwe kwa kufuata ziwa, barabara na msimu wa mvua, kisha ndipo isainiwe.

8. Hati sita za kuhifadhi

Katibu afungue jalada moja kwa kila zabuni, na ndani yake ziwemo hati sita kwa mpangilio huu.

(a) Nyaraka za zabuni pamoja na zabuni ya chama kama ilivyopelekwa.
(b) Barua ya kukubaliwa na mkataba uliosainiwa.
(c) Oda au LPO ya kila shehena, yenye namba, tarehe, kiasi, bei na saini.
(d) Hati ya kupelekea mali iliyosainiwa na mpokeaji, ikionyesha jina lake, cheo chake na uzito uliopokelewa.
(e) Hati ya ukaguzi na mapokezi ya kamati ya mnunuzi.
(f) Ankara ya chama, na baadaye stakabadhi na uthibitisho wa malipo.

Hata pale ambapo hati imetolewa ndani ya mfumo wa kompyuta, nakala yake ichapwe na kuwekwa kwenye jalada, kwa sababu mwanachama ana haki ya kuiona katika mkutano wake.

Hati hizi ni mnyororo. Oda humruhusu katibu kutoa mzigo. Hati ya kupelekea huthibitisha kwamba mzigo umefika. Hati ya mapokezi huthibitisha kwamba umekubaliwa. Ankara hudai fedha. Pete moja ikikosekana, mhasibu wa Serikali husimama hapo hapo, naye hafanyi hivyo kwa uchoyo. Akilipa bila hati, mkaguzi atamtaka alipe yeye.

9. Ikiwa chama kimeshindwa au kimeonewa

Kushindwa si kuonewa. Mzabuni aliyeshindwa ana haki ya kujua sababu, na sababu hiyo ni somo la zabuni ijayo. Lakini ikiwa chama kinaona vigezo vilibadilishwa baada ya zabuni kufunguliwa, au aliyeshinda hakutimiza sharti lililowaangusha wengine, njia ipo. Lalamiko huandikwa kwanza kwa afisa masuuli wa taasisi ile ile. Asipotatua, chama hupeleka shauri Mamlaka ya Rufani. Siku za kulalamika ni chache na huhesabiwa tangu mzabuni anapopata habari, kwa hiyo taarifa za mfumo zisomwe kila siku ya kazi. Manung'uniko ya sokoni hayahesabiwi kuwa rufani.

10. Haraka, rushwa na kumbukumbu

Nchi imejifunza kwa gharama kubwa kwamba kanuni hizi si urasimu mtupu. Mwaka 2006, katika upungufu mkubwa wa umeme, ilitolewa zabuni ya dharura kwa kampuni ya Richmond. Kamati Teule ya Bunge, iliyotoa taarifa yake Februari 2008, ilieleza kwamba kampuni hiyo haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akajiuzulu mwezi huo huo. Dharura ilikuwa ya kweli, lakini haikuondoa haja ya kumchunguza mzabuni. Simu ya mkuu wa shule katika mfano wa mwanzo nayo ilikuwa na dharura ya kweli.

Kisa cha pili chawahusu makatibu moja kwa moja. Tanzania iliinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza, kwa bei ya paundi milioni 28 hivi, na malipo ya kampuni hiyo kwa wakala wake yakaleta maswali mengi. Desemba 2010 kampuni ilitozwa faini ya paundi 500,000 na mahakama ya London. Kosa ililolikiri lilikuwa kutotunza kumbukumbu za hesabu za kutosha kueleza malipo hayo. Kwa makubaliano, kampuni ikailipa Tanzania paundi milioni 29.5 mwaka 2012, na fedha hizo zikatumika kununulia vitabu vya shule na madawati. Kampuni kubwa kiasi hicho ilisimama kizimbani kwa ajili ya daftari. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuhusu rushwa, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina vifungu maalumu juu ya mikataba na ununuzi. Anayetoa ana kosa kama anayepokea. Vyama vinavyokubaliana kwa siri kupandisha bei, au kupeana zamu ya kushinda, navyo vimeuvunja ushindani, hata kama vyote ni vya wakulima.

11. Chama nacho ni mnunuzi

Misingi hii haiishii mlangoni mwa Serikali. Chama hununua mbolea, mifuko, nyavu, mafuta na huduma ya lori kwa fedha ya wanachama, ambayo nayo ni amana. Je, mwenyekiti anaweza kumpa mpwa wake kazi ya kusafirisha mahindi bila bei tatu kulinganishwa? Je, anayeagiza mbolea ndiye anayeipokea ghalani? Chama kinachoidai Serikali hati, nacho kionyeshe zake.

12. Kurudi kwenye mfano

Je, katibu wa Kipili angefanya nini simu ilipopigwa? Asingekataa kwa ukali, maana watoto wanahitaji kula. Angejibu, "Mwalimu, dagaa wapo na lori lipo. Hapo ofisini kwako itoke oda, nasi tutapakia mara itakapofika." Ofisi iliyo na kasma yaweza kutoa oda kwa siku moja. Ofisi isiyo na kasma haitaweza, na hilo ndilo jambo ambalo chama kilihitaji kulijua kabla ya dagaa kupanda lori.

Na yule mzee wa mkutano mkuu angesimama, angeonyeshwa jalada, na angeketi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja mauzo ya mwisho ya chama chenu kwa shule, zahanati au halmashauri. Kati ya hati sita, zipi zimo katika jalada, na zipi hazimo?
2. Nani, kwa azimio gani na la tarehe gani, ana uwezo wa kusaini mkataba kwa niaba ya chama chenu?
3. Rudieni hesabu ya sehemu ya 6 kwa bei za msimu huu na kwa barabara ya kwenu. Malipo yakichelewa miezi 6 badala ya 3, bei kwa kilo itakuwa ngapi?
4. Mkuu wa taasisi ambaye ni rafiki wa chama aomba mzigo bila oda. Mwanachama mmoja aigize mkuu huyo, na mwingine aigize katibu. Wengine wasikilize kama jibu la katibu ni la heshima na pia ni thabiti.
5. Katika ununuzi wa chama chenyewe, ni nani anayeagiza, nani anayepokea, na nani anayelipa? Ikiwa jina moja limetokea mara mbili, mkutano uamue litakavyorekebishwa, na uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu.